Mahindi Safi ya Kumpa Mgeni

Vijana wa chumba cha takwimu mmenisumbua vya kutosha, kila mmoja kwa wakati wake: Mama Atu, tuandikie. Sasa nimestaafu, nina kiti changu barazani hapa Iyunga, malori ya barabara kuu yananipigia honi tangu asubuhi, na sina tena kisingizio. Lakini msitegemee habari za vyeo. Nilipandishwa nilipopandishwa, nikasahauliwa niliposahauliwa, na mshahara wangu haukuwahi kumtia mtu wivu. Nitaandika kazi, maana kazi ndiyo niliyoipenda.

Siku ya kwanza kuripoti kituoni Mbeya nilivaa viatu vya kisigino. Nilikuwa nimetoka chuo na shahada ya hesabu, nikijua kwamba takwimu zinafanyiwa kazi mezani, kwenye kivuli. Mzee Ndelwa, Mkinga mmoja mrefu aliyekuwa msimamizi wa mashamba ya majaribio, alivitazama vile viatu kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgonjwa. Akaenda stoo, akarudi na buti za mvua za mtu aliyekuwa likizo. Zilikuwa kubwa. Nilizivaa hadi mwenyewe aliporudi kuzidai, na hakufurahi.

Kazi yangu ya kwanza haikuwa hesabu hata kidogo. Nilipewa kamba ya katani yenye mafundo, nikaambiwa nipime hiyo kamba kwanza kabla haijapima kitu kingine. Ilikuwa imenyeshewa jana yake. Nikaona ajabu: mita zilizokuwa kwenye kamba si mita tena, kamba imefupika. Mzee Ndelwa akanieleza kwamba kuna mwaka nusu ya vipande vya shamba vilipimwa kabla ya mvua na nusu baada ya mvua, kisha mtaalamu mmoja akaandika kurasa nyingi kuhusu mbolea iliyofanya maajabu katika ile nusu ya kwanza. Mbolea haikuwa imefanya kitu; vipande vile vilikuwa vikubwa zaidi tu. Tangu siku hiyo, kabla sijafungua kompyuta, huwa nauliza data imepimwa na kamba gani.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Mifuko ya khaki ya kuwekea sampuli, penseli badala ya kalamu kwa sababu wino unakimbia mvua inapoanza, vigingi vilivyopakwa rangi nyeupe kichwani, na kompyuta moja iliyofunikwa kitenge kama mtoto mchanga. Watoto wa kijiji cha jirani walipenda vigingi vyetu kwa kuchezea, kwa hiyo asubuhi nyingine tulikuta bloku nzima, yaani kundi zima la vipande vya jaribio, imehamishwa. Hayo hayaandikwi kwenye vitabu vya usanifu wa majaribio, lakini nyinyi mtakutana nayo.

Miaka michache baadaye ndipo likaja suala la mazao yaliyobadilishwa vinasaba. Nchi ilikuwa inabishana, redio zinabishana, wahubiri wanabishana. Sisi kituoni hatukuwa na hata punje moja ya mahindi hayo, na watu hawakuamini. Mpaka leo nikienda sokoni kuna mama wa nyanya ananiita Mama GMO. Tulichoombwa ni kitu kidogo kuliko hicho na kigumu kuliko hicho: kujifunza kupima. Siku mtu akileta mahindi ya namna hiyo na kusema hayana madhara kwa mazingira, nani ataweza kumwambia ni kweli au si kweli, na kwa kipimo gani?

Tulianza na wadudu. Mahindi yanayojilinda dhidi ya kiwavi yanaweza kuumiza pia wadudu ambao ni marafiki wa mkulima, kwa mfano vile vidudu vyekundu vya mviringo vyenye madoa meusi, vinavyokula vidukari. Basi tukavihesabu kwenye mahindi ya kawaida, yaliyopuliziwa dawa na yasiyopuliziwa, kuona kama macho yetu yanatosha kuona upungufu ukiwapo. Nikamaliza uchambuzi, nikaandika kwa fahari kwamba hakuna tofauti. Mzee Ndelwa, ambaye hakusoma takwimu popote ila alikuwa ameziishi, akasoma sentensi ile mara mbili.

"Ukiingia stoo na tochi inayokufa betri," akasema, "usione nyoka, utaniambia hakuna nyoka?"

Nikasema hapana, nitakuambia sikuona nyoka.

"Basi andika hivyo. Halafu uandike na tochi yako ilikuwaje."

Hilo ndilo somo kubwa la fani yetu, na nimewahi kukaa kwenye mikutano ya watu wenye digrii tatutatu ambao hawajalipata. Kutokuona tofauti si kuonyesha kwamba mambo ni sawasawa. Anayetaka kusema ni salama inabidi aseme kwanza madhara ya ukubwa gani yangemtisha, kisha aonyeshe kwamba jaribio lake lilikuwa na vipande vya kutosha, marudio ya kutosha na misimu ya kutosha kuyaona kama yangekuwapo. Vinginevyo, shamba dogo lililolimwa ovyo litakuwa ndilo shahidi bora wa usalama kuliko yote, maana halioni kitu. Mzee Ndelwa alistaafu mwaka uliofuata, akarudi Makete kulima viazi. Nilimlilia ofisini, na sioni haya kusema.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa mlitaka, ijapokuwa mmesikia vipande vyake tu kwenye chai.

Baada ya wadudu likaja suala la chavua. Mahindi hayazaani kwa siri. Mbelewele zinamwaga vumbi lake hewani, upepo unalibeba, na shamba la jirani linapokea bila kuulizwa. Kwa hiyo swali lilikuwa: shamba lenye mahindi yaliyobadilishwa likipandwa mahali, la jirani linatakiwa kuwa mbali kiasi gani? Namba hiyo ndiyo tuliyotakiwa kupendekeza kwa ajili ya nyanda zetu hizi zenye upepo na milima.

Njia ya kuipata ni nzuri kwa sababu ni rahisi. Unapanda mahindi ya njano katikati, na meupe kuyazunguka, karibu na mbali, ukipanga yachanue pamoja. Chavua ya njano ikiangukia nywele za hindi jeupe, punje ile inatoka na unjano, na unaiona kwa macho msimu huohuo. Unahesabu punje za njano kwa kila umbali, unachora mstari unaoshuka. Hakuna maabara, hakuna mtu kubadilisha kinasaba chochote. Mahindi ya njano yanafanya kazi ya mwigizaji, kwa niaba ya yale yaliyobadilishwa.

Jaribio tuliliweka kwenye kijiji kimoja cha juu huko Kilolo, mkoa wa Iringa. Mashamba ya karibu yalikuwa ndani ya uzio wetu na tulivuna wenyewe. Ya mbali yalikuwa ya wakulima. Tuliwapa mbegu nyeupe, tukaweka alama kwenye mistari, tukakubaliana kwamba mavuno ya mistari hiyo yataliwa tu, hayatakuwa mbegu, na wakati ukifika kila nyumba itatuwekea kiroba cha mahindi kutoka humo. Tulishauriana kituoni wote, tukaona utaratibu huo una heshima kuliko kuingia kwenye mashamba ya watu na mapanga.

Mwenyeji wetu mkuu alikuwa Mama Kikoti, mjane wa Kihehe, mwenyekiti wa kikundi cha wazalishaji wa mbegu. Yeye na wenzake walitunza aina moja ya mahindi meupe ambayo vijiji vya jirani vyote vilipanda. Mkaguzi wa mbegu akija na kukuta mchanganyiko, kikundi hakiuzi. Kwa hiyo ile namba ya umbali haikuwa karatasi kwake. Mtu akiruhusiwa kesho kupanda mahindi mengine karibu kuliko inavyofaa, kazi ya maisha yake ingeharibika taratibu bila yeye kujua imeharibikia wapi.

Viroba vikaja Mbeya. Tukakaa kwenye mabenchi, tukahesabu punje mpaka macho yakawa yanaona njano hata kwenye ukuta. Nikachora mstari. Ndani ya uzio ulishuka vizuri, kama nilivyotarajia. Ulipofika kwenye mashamba ya wakulima ukaanguka kama mtu aliyekanyaga shimo: sifuri. Shamba la pili, sifuri. La tatu, la nne, mpaka mwisho. Hakuna hata punje moja yenye rangi ya kutiliwa shaka.

Dakta Shirima, kiongozi wa mradi, alifurahi. Alikuwa mtu mwema na mchapakazi, na wafadhili walikuwa wanataka ripoti kabla ya mwisho wa mwezi. Akaniambia miti ya uzio imezuia upepo, na kwamba tunaweza kupendekeza umbali mfupi ambao mkulima mdogo ataumudu. Nikamjibu kwamba sifuri nayo ina tochi yake. Ukihesabu punje elfu moja usione ya njano hata moja, bado huwezi kuahidi zaidi ya kwamba hazizidi kama tatu kwa kila elfu. Akasema sawa, tuandike hivyo. Lakini mimi kilichonisumbua si hicho. Upepo haujui uzio wetu uko wapi. Chavua hupungua, haikatiki. Na mahindi yale ya wakulima yalikuwa mazuri mno: marefu, yamejaa hadi kwenye ncha, hayakuguswa na mdudu wala ndege. Shamba gani la Kilolo linatoa mahindi ya namna ile kila mstari?

Nikaomba gari. Dereva akasimama Chimala kununua mchele kama kawaida ya madereva wote, tukalala Iringa mjini, kesho yake tukapanda milimani. Mama Kikoti alitupokea kwa kamwene nyingi, salamu ya Kihehe, akaniingiza jikoni kwa sababu nje kulikuwa na baridi, akaanza kupika. Mkwewe alikuwa ameketi mlangoni akipukuchua mahindi kwa ajili ya kuku. Nilikuwa naota moto, nikimwangalia tu bila kuwaza. Kisha nikaona mikono yake. Kwenye karibu kila hindi alilolishika kulikuwa na punje za njano, moja hapa, mbili pale.

Nikauliza yale mahindi yametoka wapi. Mkwe akasema shambani, kwenye mistari yenu. Nikamgeukia mama mwenyewe.

"Mama, mbona haya hamkutuwekea kwenye viroba?"

Alinitazama kama vile nimeuliza kwa nini sikupewa ugali ulioungua.

"Nyie ni wageni. Mgeni tumpe mahindi yana madoa?"

Akanieleza taratibu, kwa sababu aliona sielewi. Mahindi ya njano kwao ni mahindi ya njaa, yale ya msaada waliyogawiwa zamani alipokuwa msichana, na kumpa mgeni mahindi yenye njano ni kumtangazia kwamba nyumba imeishiwa. Kila nyumba ilichagua. Walikaa siku nzima kina mama, wakacheka, wakachambua, wakatuwekea yaliyo bora. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo na hakuna aliyehitaji kuambiwa. Na mimi mtoto wa Tukuyu, ambaye mama yangu angekopa ndizi kwa jirani kuliko kumpa mgeni ndizi zenye michubuko, nilikuwa nimekaa Mbeya nikitafuta kosa kwenye upepo.

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu yeye hakuwa anacheka. Aliinuka akafunga mlango, akakaa karibu yangu. Aliniuliza kama nitayaandika yale madoa. Alikuwa anaogopa mkaguzi. Mbegu zake zilipandwa bondeni, mbali kabisa na mistari yetu, lakini watu wakisikia kwamba mahindi ya Mama Kikoti yana njano, nani atauliza ni ya shamba lipi?

Nilimwambia ukweli. Kwamba msimu huu ameiona njano kwa macho yake, akaichambua, ikaisha. Lakini tulipanda njano ili ionekane tu.

"Hiyo itakayokuja siku moja haina rangi, mama. Itaingia kwenye mbegu yako nyeupe ikiwa nyeupe. Na karatasi itasema haiwezi kufika, kwa sababu ya viroba vile."

Aliinuka akakoroga chungu. Mwishoni akasema niandike, ila niandike kwamba walifanya kwa heshima.

Nilirudi Mbeya nikamweleza Dakta Shirima. Hakukasirika, alichoka tu, akaketi kwenye benchi la kuhesabia na kushika kichwa. Msimu mzima, akasema. Akauliza kama kuna hesabu yoyote ya kusahihisha jambo hilo, kwa sababu alikuwa anaamini, kama wengi, kwamba sisi tuna dawa ya kila data. Nikamwambia dawa ipo pale unapojua mtu alichagua kwa kiasi gani. Hapa walichagua mpaka punje za njano zikabaki sifuri. Walichotupa ni kipimo cha ukarimu wa Wahehe, na kwa kipimo hicho jaribio limefaulu. Hakucheka. Akasema basi tutumie ya ndani ya uzio na sifuri za nje, tuweke maelezo chini kwa herufi ndogo.

Hapo ndipo nilipokataa. Nilimwambia maelezo ya herufi ndogo hayafiki kwa wanaotunga kanuni. Namba ndiyo inayofika, nayo ikifika haina tena mtu wa kuisemea. Jina langu siliweki. Nilisema kwa sauti ya kawaida, ijapokuwa mkataba wangu wa mradi ule ulimtegemea yeye. Aliondoka bila kuniaga. Asubuhi yake nilimkuta ameshaandika kwa mkono wake barua kwa wafadhili: sampuli za mbali hazifai, tunaomba msimu mwingine. Walinung'unika, wakatoa fedha pungufu. Tukapunguza posho, tukapunguza vigingi, tukarudi Kilolo.

Msimu wa pili tulivuna wenyewe, kwa namba za nasibu. Mnajua jinsi inavyokwenda: namba inasema mstari gani na shina la ngapi, na hilo ndilo unachukua, liwe zuri au liwe bovu. Mama Kikoti alinifuata nyuma mstari hadi mstari, na kwake ilikuwa mateso. Namba zikaangukia hindi lililoliwa na panya hadi nusu.

"Hilo liache, chukua hili la pembeni."

Nikamwambia siwezi, namba imesema hili.

"Namba hiyo haina adabu," akasema, na akalifunika na majani yake kidogo kabla sijaliweka mfukoni, ili angalau lisionekane likiwa uchi.

Tulikuta njano. Nyingi karibu, chache kadiri tulivyosogea, na kwenye shamba la mwisho kabisa, ambapo tulitegemea sifuri ya kweli, zilikuwapo punje chache zisizobishika. Mstari wangu ulishuka pole pole na kuacha mkia mrefu, kama unavyotakiwa. Tukapendekeza umbali mkubwa zaidi, tukaandika wazi ni kitu gani hatukuweza kukiona, na jinsi msimu wa kwanza ulivyoharibika kwa heshima. Neno hilo Dakta Shirima alitaka kulitoa, kisha akaliacha. Ripoti iliyokwenda juu ilifanyiwa nini, sijui kwa hakika. Ninachojua ni kwamba mkaguzi aliendelea kuipitisha mbegu ya kikundi, na kwamba hakuna sifuri yenye jina langu kwenye kabati la mtu.

Baada ya hapo kulikuwa na miaka mingine mingi: programu mpya kila tulipozoea ya zamani, mikutano, nyinyi kuja mmoja mmoja na viatu vyenu visivyofaa. Nilikwenda Kilolo mara kadhaa, na kila nikienda Mama Kikoti alinifungashia mahindi. Yalikuwa meupe, yamejaa, yamechaguliwa. Nilikuwa nayapokea kwa mikono miwili na moyoni naumia kidogo, kwa sababu nilijua maana yake. Nilikuwa bado mgeni.

Wiki mbili baada ya sherehe yenu ya kuniaga, kondakta wa basi la Iringa alinipigia simu nikachukue mzigo. Ulikuwa mfuko wa mahindi mabichi kutoka kwa Mama Kikoti. Nilikaa hapa barazani nikaanza kuyamenya. La kwanza lilikuwa fupi na limepinda. La pili lilikuwa limeliwa na kiwavi kwenye ncha. La tatu lilikuwa na punje za njano, nne au tano, zimekaa katikati ya nyeupe bila wasiwasi wowote.

Nikampigia. Nikamshukuru, nikamuuliza kijanja ile njano imetoka wapi siku hizi. Akasema jirani yake amepanda ya njano kwa ajili ya kuku, na yale niliyopata ni ya shamba la kula, lile la pembeni. Mbegu iko salama bondeni. Kisha nikamuuliza kama alikuwa na haraka siku ile, maana naona hakupata nafasi ya kuchagua.

"Nilikaa kuchagua," akasema, "halafu nikaacha. Mdogo wangu umeshastaafu, nikuchagulie wewe kama nani?"

Nikayachemsha yote, na lile la njano nikala mimi mwenyewe.